Kithitu cha Mwalimu Mkuu

Mbuzi wa shule alipotea Jumanne, na kufikia Jumatano asubuhi Mwalimu Mkuu Muthama alikuwa ameshampata mwizi: Ndila wa kidato cha nne. Ushahidi wenyewe? Msichana alionekana akipita karibu na zizi. Basi. Katika shule ile ya Migwani, kila aendaye chooni hupita karibu na zizi, lakini Muthama akishakasirika, akili huenda likizo.

"Nenda nyumbani," akamwambia mbele ya paredi nzima. "Ukirudi, rudi na mbuzi."

Nyumbani hakukuwa na mbuzi. Mtihani wa taifa ulikuwa mlangoni, na mama yake, Muthoki, alikuwa akiwaambia majirani kwamba huyu atafika chuo kikuu hata kwa magoti. Ila somo la katiba Ndila alilijua kama wengine wanavyojua nyimbo za kanisa.

"Mwalimu, katiba inasema nisikizwe kwanza."

Muthama alicheka mpaka tai ikapinda. "Unataka korti? Utapata korti ya babu zako. Ijumaa naleta kithitu."

Kithitu ni kiapo cha mababu wa Wakamba. Ukikiapia uongo, kinakumaliza wewe na ukoo wako. Wote pale walikuwa wameokoka, na Muthama mwenyewe ni mzee wa kanisa, lakini wokovu wa Ukambani una kona moja isiyofagiwa.

Ijumaa Muthoki alifika na Biblia kwapani. Mbele ya walimu, wapishi na wanafunzi, mezani palikuwa na furushi jeusi lililofungwa kwa katani. Hakuna aliyetaka kukaa karibu nalo.

"Mtoto yangu hashiki hiyo kitu," Muthoki alisema. "Sisi ni watu ya Yesu."

"Na katiba inakataza kumlazimisha mtu jambo linalopinga imani yake," Ndila akaongeza.

"Kumbe unaogopa!" Muthama akadakia.

Hapo hasira zikampanda Ndila. "Kama ni lazima, sheria ni moja kwa wote. Wakubwa waanze."

"Sawa," alisema Muthama, akijiamini kupita kiasi. "Mutisya, wewe ndiye unayelisha mbuzi. Anza."

Mutisya, mpishi mkuu, aliinuka, akalitazama furushi, akapiga magoti.

"Ni mimi nilichinja, Mwalimu! Lakini si wewe ulisema wageni ya ofisi ya elimu Jumanne wasiende na njaa, nitafute nyama popote? Na supu si uliongeza mara mbili?"

Kicheko kilichozuka pale kingeweza kuezua mabati. Muthama alifungua furushi kwa haraka ya mtu anayetaka watu watazame kwingine. Ndani hamkuwa na kithitu chochote, ila pampu mbovu ya kujazia mpira upepo.

"Mambo yameisha," alinong'ona. "Ndila, rudi darasani."

Ndila hakusogea. "Uliniita mwizi paredi, Mwalimu. Nisafishe paredi."

Jumatatu, Muthama alisimama palepale, tai imenyooka.

"Ndila si mwizi," alisema. "Mbuzi tulimla sisi."

Hakuna aliyecheka. Ndila alilia kichwa kikiwa juu, na nje ya ua, Muthoki, aliyekuwa akijifanya anachuma mboga za kienyeji, akapiga vigelegele.