Santuri Zilizooshwa

Kamikazi aliziosha santuri saba za Papa Karangwa kwa sabuni ya vyombo, akaziegemeza ukutani kivulini, kama sahani. Hakuna aliyemtuma. Wiki ile majivu ya volkano yaliingia kila mahali, hata kabatini, na yeye alikuwa na wiki tatu tu za kazi katika nyumba ya mzee huyo, alitaka asifiwe. Zilipokauka alizirudisha kwenye majalada kwa kubahatisha, maana maandishi yalikuwa ya Kipolandi, na shule yenyewe aliiachia darasa la nne.

Jumapili baada ya misa, Papa Karangwa, mstaafu wa forodha, akaketi sebuleni. Santuri hizo aliachiwa na padri Mpolandi, rafiki yake wa Bukavu. Zote za mtunzi mmoja wa siku hizi.

"Leo ile ya pole pole," akasema, akashusha sindano.

Zikatoka kelele. Fidla zilikwaruza kama bati linaloburutwa juu ya mawe, kisha zikapiga mayowe kwa pamoja. Mzee akashtuka, akashika sikio. Kamikazi, aliyekuwa akipanga vikombe, akaviacha. Basi, sabuni imekula muziki. Kesho atarudi kwao Rugerero na begi lake, na mama atauliza kulikoni.

Angeweza kunyamaza. Kunyamaza alikujua kuliko kazi zote. Lakini mzee alizidi kulibana lile sikio, na uso ulikuwa umemparara.

"Papa, ni mi," akasema kwa sauti ndogo. "Niliosha yote. Na sabuni."

"Uliosha? Na kwa majalada ukarudisha namna gani?"

"Nilibahatisha tu."

Mzee akainua sindano, akasoma karatasi ya katikati ya santuri. Mabega yakaanza kumtikisika. Alikuwa anacheka.

"Asante Mungu! Mi nilifikiri masikio yangu imekufa! Donc basi, hii ni ingine. Hii inaliaka hivi tangu kuzaliwa."

"Haikuharibika?"

"We! Hapo iko watu karibu mia, wamesoma miaka mingi juu ya kupiga kelele hii."

"Na wanalipwaka?"

"Na makofi wanapigiwa!"

Kamikazi akacheka, kwanza ndani ya kiganja, kisha waziwazi. Mzee akamwonyesha kiti, akairudisha sindano mwanzo. Mayowe yalipofika tena walitazamana, wakangoja yapande zaidi.