Saa za Jirani wa Juu

Jirani wetu wa juu, mzee fundi saa, ana ukuta mzima wa saa na hakuna mbili zinazokubaliana. Moja inagonga, dakika tatu baadaye nyingine inaitikia, na ya mwisho hulia kama mbuzi aliyekanyagwa.

Shangazi yangu, anayekaa mlango wa pili na ndiye mwenyekiti wa wapangaji, aliandika barua fundi aondolewe. Mwenye nyumba alisema bila saini za wapangaji wote hahamishi mtu. Ilibaki yangu tu.

"Haya, kalamu hii," alisema shangazi alipokuja kwangu. "Fundi gani anashindwa na saa zake mwenyewe?"

Mimi si mtu wa kubishana. Hata dukani nikipewa sabuni nisiyoitaka, naichukua na kushukuru. Lakini yule mzee angeenda wapi na ukuta wake? Nikasema kwanza nipande juu.

Alinifungulia akiwa na kioo cha kukuzia jichoni. Nilimuuliza, nikitazama viatu vyake, kwa nini saa zinapishana.

"Mjukuu wangu, zikigonga pamoja nitajuaje iliyokosea? Nazipishanisha makusudi, kila moja niisikie peke yake. Hiyo inayolia kama mbuzi ndiyo mgonjwa wangu wiki hii."

Niliposhuka, nilimkuta shangazi bado kwangu na kalamu yake.

"Shangazi, sisaini."

"Nani kakuroga?"

"Mzee yuko kazini: anazipishanisha makusudi, na yule mbuzi ndiye mgonjwa wake wiki hii. Wewe ukipiga pasi, redio inatikisa vijiko vyangu. Mimi nafanya mazoezi ya hadithi za kuwasomea watoto wa darasa langu, nabweka humu peke yangu. Kuna aliyetuandikia barua?"

Shangazi aliziba mdomo kwa barua. Nilidhani amekasirika, kumbe kicheko kilikuwa kimemkaba.

"Kumbe ni wewe? Mwezi mzima natafuta mbwa!"

Akaikunja barua mara nne, akainama na kuisukuma chini ya mguu wa meza yangu uliokuwa ukiyumba.

"Basi mwambie huyo mgonjwa wake na wenzake wanyamaze saa nane mchana mpaka saa tisa. Nalala."

Nilipanda tena, safari hii bila kutazama viatu. Fundi alikubali papo hapo.

Kesho yake mchana jengo lilitulia. Ilipofika saa tisa, mbuzi akalia. Mlango wa pili redio ikafunguliwa kwa kishindo, vijiko vyangu vikaanza kucheza.

Nikafungua kitabu, nikabweka.