Besi la Mzee Rafaeli

Alfajiri ya Pasaka ilimkuta Loveness amenuna. Usiku kucha alikuwa akimgeuza baba yake asipate vidonda, na shukrani aliyopewa ni kisogo. Kiharusi kilimwangusha Mzee Rafaeli Kwaresima ilipoanza, kikamfunga ulimi na mkono wa kulia. Tangu hapo mzee alitazama ukuta tu. Uji aliufumbia mdomo. Daktari alishasema: asipokula, mtampoteza.

"Mapenzi ya Mungu," walisema waliokuja kutoa pole, huku wakimaliza sukari. Loveness alitamani kuwauliza kama Mungu naye hufua mashuka.

Kando ya kitanda lilikaa besi, tarumbeta kubwa ambalo mzee alilipuliza kanisani tangu Loveness hajazaliwa. Kila Pasaka wapiga tarumbeta wa usharika walipita mtaa wao wa Nguvumali kabla ya jua wakiamsha watu, wakaenda kuimba makaburini kwamba Bwana amefufuka. Mwaka huu hata mmoja wao hajaja kumwona mwenzao.

Ndipo akawasikia. Wakasimama chini ya dirisha.

"Hodi! Bwana asifiwe!" Alikuwa Mwalimu Nehemia, kiongozi wao. "Tumefuata besi."

Loveness akafungua dirisha kwa kishindo. "Njia ya mgonjwa hamkuiona, ya hilo bati lenu mmeiona!"

"Mwanangu, tuliogopa. Tungemwambia nini?"

"Mngemwambia shikamoo. Nayo siku hizi inauzwa?"

Akaliburuta besi hadi mlangoni, akalitoa kama anayetupa taka. Akalipokea Godlisten, kinyozi wa pale kona, aliyejifunza kupuliza juzijuzi. Wakaanza wimbo. Besi likatoa sauti ya ng'ombe aliyekwama topeni.

"Lahaula!" Jirani yao, Bi Mwanamwema, alichungulia, mswala bado begani. "Loveness mwanangu, huyo anafufuka au ndiyo anakata roho?"

Kicheko kilimjia Loveness, akakimeza kwa hasira. Nyuma yake kitanda kikalia: ko! Ko-ko!

Mzee amegeuka. Uso umekunjamana kwa ghadhabu, na mkono wa kushoto unagonga ubao wa kitanda. Godlisten akachelewa tena.

"Mmmh!" mzee akanguruma.

Ilikuwa sauti yake ya kwanza tangu kiharusi. Loveness akakimbilia dirishani. "Anasema unachelewa!"

"Niingie hapa?"

Ko!

"Mapema zaidi, we kinyozi! Kwani unasubiri mteja?"

Wakarudia, wakarudia tena. Mwishowe besi likakaa mahali pake, zito, kama mwenye nyumba aliyerudi. Loveness akajikuta anaimba sauti ya pili, machozi yanamchuruzika, na bado amenuna. Imani ya kutosha hakuwa nayo asubuhi ile. Lakini waimbaji walikuwa wengi, wakambebea.

"Twende naye makaburini," Nehemia akasema. "Atupigie mapigo."

"Mkokoteni wa mwanangu Fadhil huo hapo," Bi Mwanamwema akadakia. "Tandikeni godoro."

Mzee akaunyoosha mkono wa kushoto kuelekea mlangoni. Loveness akachukua bakuli la uji, akasimama kati yake na mlango.

"Baba, haendi mtu makaburini na mwili huo. Watakuona ulivyokonda, wakuache hukohuko."

Mzee akamtazama kwa hasira. Kisha akafumbua mdomo.

Nusu ya uji ilimwagikia kidevuni. Loveness akampangusa, akachota tena. Nje Godlisten alichelewa, na kijiko kikasubiri hewani hadi mzee amalize kugonga ubao.