Saa Elfu Nne za Mazishi

Kama kuna binadamu aliyewahi kuomba mazishi yarefuke, ni Angwenyi wa Nyamira. Wenzake wakienda kuzika huomba mahubiri yafupishwe, mvua ingoje, na chakula kiwafikie. Yeye aliomba wasemaji waongezeke. Akimwona mzee mwenye kigugumizi akijikongoja kuelekea kipaza sauti, moyo wake ulifurahi.

Kazi yake ilikuwa kupiga picha za mazishi na kuyarusha mtandaoni moja kwa moja, ili ndugu walioko Minnesota na Dallas, ambao hawakupiga hata simu mgonjwa alipokuwa hai, wamwone akiwa ndani ya sanduku. Nao walitazama. Walikaa kwenye makochi yao, wakaandika "pumzika kwa amani", kisha wakalalamika kwamba sauti inakatika. Wenye msiba wa hapa nyumbani nao walimlipa Angwenyi kwa shingo upande, tena baada ya kumpigisha bei kama mtu anayenunua mkungu wa ndizi.

Ndiyo maana alitamani kulipwa na jukwaa lenyewe la video mtandaoni, ambalo halistahili heshima ya kutajwa jina. Jukwaa lilikuwa na masharti. Mtu hapewi senti ya matangazo mpaka awe na wafuasi elfu moja, na video zake ziwe zimetazamwa kwa jumla ya saa elfu nne ndani ya miezi kumi na miwili. Wafuasi Angwenyi alikuwa nao, maana Mgusii hakosi ukoo. Saa ndizo zilizomtesa. Kila saa iliyotimiza mwaka ilifutwa, ikawa kama kujaza maji kwenye mtungi uliotoboka.

Cha kuudhi zaidi, matangazo yalikuwepo tayari. Kabla ya sala ya kwanza ya kila marehemu, mwanamke mwenye meno meupe alijitokeza kusifu sabuni ya kufulia. Jukwaa lilikula pesa za sabuni bila haya. Lakini yule aliyesimama juani tangu asubuhi ndiye aliyeambiwa kwamba bado hajafikia kiwango. Kufa kufaana, walisema wahenga, ila hawakusema atakayefaidika ni nani.

Mtaji mkubwa wa Angwenyi ulikuwa mazishi ya chifu mstaafu kule Kenyenya, ambako watu walihutubia kwa saa tisa, na nusu nzima ya ukoo ikagombana kwenye kipaza sauti. Video hiyo peke yake ilimpa karibu nusu ya saa zote alizokuwa nazo. Tarehe kumi na nne Agosti ingetimiza mwaka, na saa zake zingeanza kuporomoka. Julai ilipofika katikati, alikuwa amepungukiwa na saa elfu moja na kidogo.

Hapo ndipo mama yake alipofariki.

Alilia, tena kilio cha kweli, maana mama huyo alimlea kwa kuchuma majani chai mpaka vidole vikawa vyeusi. Dada yake Bochaberi alipiga simu kutoka Minnesota. Huyu hakuwa katika kundi la wale wa makochi. Alipiga kila Jumapili, na hakuweza kusafiri kwa sababu makaratasi yake yalikuwa hayajakamilika. Akitoka asingeruhusiwa kurudi.

"Angwenyi, ukitupa mchanga kwa kaburi, utupe na yangu," alisema huku analia. "Sema hii ni ya Bochaberi."

"Nitatupa," Angwenyi akajibu.

Kesho yake mkewe, Persis, alimsikia akizungumza kwa simu na Ogoti, mwongozaji wa shughuli. Alikuwa akimsihi asimkatize msemaji yeyote, hata akianza kueleza bei ya mbolea.

"Baba Damaris," Persis akamwambia alipokata simu, "hii ya mama, tafuta mtu mwingine ashike kamera. Wewe ndio mtoto wa kwanza."

"Nitatafuta nani? Hawa wa hapa watamkata mama kichwa kwa picha. Mama yangu siwezi achia mtu amharibu."

"Ni mama unaogopea, ama ni masaa?"

Angwenyi alijifanya anatafuta waya. Persis alikuwa muuza parachichi sokoni na alikuwa amezoea kubonyeza kitu mara moja tu kujua kama kimeoza.

Siku ya mazishi Ogoti alitimiza ahadi. Alizungumza mwenyekiti wa chama cha akina mama, akafuata karani wa kituo cha majani chai, akafuata mtu anayetafuta kiti cha uwakilishi wa wadi ambaye hakuwahi kumjua marehemu na alimwita kwa jina la jirani. Angwenyi alisimama nyuma ya kamera akitazama tarakimu za watazamaji zikipanda. Mtandao bondeni pale ni wa kuvizia, kwa hiyo alishika simu iliyobeba intaneti juu ya kichwa kwa mkono mmoja. Akiushusha mkono, picha inaganda.

Jeneza lilishushwa saa kumi. Katika ukoo wao, hakuna anayegusa sepetu kabla mtoto wa kwanza hajatupa udongo kwa mkono wake. Watu hungoja hata kama amechelewa njiani.

"Mtoto wa kwanza wa marehemu," Ogoti akatangaza. "Angwenyi, karibu."

Watu wakapisha njia. Kutoka kwenye kamera hadi kaburini zilikuwa hatua kumi na mbili. Angwenyi alitazama kaburi, akatazama kioo. Watazamaji mia tisa na arobaini. Hakuwahi kuwa nao wengi hivyo tangu Kenyenya. Akiondoka picha ingekatika, na mtazamaji akikatiwa harudi.

"Endeleeni," akasema. "Niko kazini."

Ogoti alirudia kumwita, akidhani hakusikia. Shangazi mmoja aliguna. Mwishowe Fred, mdogo wake, akainama akachota udongo akautupa. Baada ya hapo sepetu zikaanza, na mkono wa Angwenyi ukabaki juu hewani ukiwa na simu.

Siku ya nne baada ya mazishi saa zilitimia elfu nne. Alituma maombi palepale, akiwa bado na kipara alichonyolewa kwa ajili ya msiba.

Jibu lilikuja baada ya siku tisa. Lilianza kwa kumpongeza kwa ubunifu wake, kama desturi ya watu wanaotaka kukutukana kwa upole. Kisha likasema maombi yamekataliwa kwa kuwa maudhui yake yanajirudia: video zinafanana kiasi kwamba mtazamaji hawezi kutofautisha moja na nyingine.

Ni kweli zilifanana. Hema, jeneza, mwanamke anayezimia, mchungaji. Watu wa Nyamira wana ushamba wa kufa kwa namna moja na kuzikwa wakiwa wamelala. Wangejua kuna mtu ng'ambo anayechoshwa, labda wangekuwa wanazikana wima, au wangempa marehemu nafasi ya kucheza ngoma kidogo. Na yule mwanamke wa sabuni, aliyejitokeza na meno yaleyale kwenye kila msiba, yeye hakuonekana kujirudia.

Mwisho wa barua palikuwa na mlango mdogo. Angeweza kukata rufaa kwa video ya dakika tano inayoonyesha uso wake na mchango wake binafsi katika video za chaneli. Alipewa siku ishirini na moja.

Angwenyi akafungua mazishi ya mama yake. Kwingine kote alikuwa mtu wa kukodiwa, lakini huko hakosi kuonekana. Alitazama saa ya kwanza, ya pili, ya tatu. Alimwona Fred. Alimwona Persis akimshika shangazi. Fundi wa mahema alimwona mara kumi na nne. Alifika kaburini, akauona mkono wa Fred ukiachia udongo. Uso wake mwenyewe haukuwepo popote. Ilikuwepo sauti tu, karibu sana na kipaza sauti: "Endeleeni. Niko kazini."

Alirudisha nyuma, akaisikiliza tena. Aliona aibu iliyomwasha masikio.

Siku hiyohiyo Bochaberi alipiga simu. "Nimeangalia mara tatu," alisema. "Sikuoni. Ulitupa ile yangu saa ngapi?"

"Nitakupigia," Angwenyi akasema.

Asubuhi iliyofuata alibeba kamera na miguu yake mitatu hadi kaburini. Aliitega vizuri, akabonyeza, akasimama mbele yake. "Mimi ni Angwenyi, mwenye chaneli hii," akaanza. "Hapa ndipo alipozikwa mama yangu." Akainama akachota udongo uliokwisha kukauka.

Persis alikuwa akipita na beseni la parachichi kwenda sokoni. Alisimama.

"Hiyo mchanga ni ya nani?" akauliza. "Ni yako, ni ya Bochaberi, ama ni ya hao watu wa sabuni? Mkono ni moja."

Angwenyi aliukaza udongo ndani ya ngumi. Taa nyekundu ya kamera ilikuwa inamtazama. Alikuwa na uso, mchango binafsi, na mwanga mzuri wa asubuhi. Kila kitu walichokitaka. Akatembea hadi kwenye kamera, akaizima kwa mkono wa kushoto. Kisha akarudi kaburini, akatupa udongo mara mbili, akitaja jina la dada yake mara ya pili. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Rufaa haikutumwa, na tarehe kumi na nne saa zikaanza kuporomoka. Jioni ya siku ile ya kaburini alimpigia Bochaberi.

"Nimetupa," alimwambia. "Yako na yangu. Nilitaja jina lako."



"Sawa," Bochaberi akasema. "Nitumie video."