Mkasi Uliozikwa na Baba

Watu wa mtaani walimwita Sumaku, jina walilompa bila kujua kwamba sumaku haishiki shaba. Na kazi yake ilikuwa shaba. Aliitafuta ardhini, palipobomolewa nyumba: vipande vya waya, koki za maji, mabomba yaliyosahauliwa chini ya vifusi. Mashine yake ya kutambua metali zilizofukiwa aliinunua ikiwa imekwisha kuchakaa, naye akaichakaza zaidi. Mpini ulikuwa umefungwa kwa raba ya baiskeli, na sahani ya chini, ile inayosikia, ilikuwa na ufa aliouziba kwa gundi. Ilikuwa kongwe, lakini ilikuwa bado inasikia.

Asubuhi hiyo hakutoka kwenda kutafuta shaba. Alikwenda makaburini na dada yake mkubwa kumtafuta baba yao.

Manispaa ilikuwa inapanua mtaro, na safu nzima ya makaburi kando ya ukuta ilitakiwa kuhamishwa. Kila marehemu aliyejulikana angepata jeneza jipya na shimo lake kwenye makaburi mapya. Wasiojulikana wangelazwa pamoja, shimo moja. Baba yao alikuwa kwenye safu ile, hilo halikuwa na ubishi. Ila ukuta uliwahi kuanguka wakati wa mvua, ukafukia vibao vyote vya mbao, na kilichobaki mchwa wakakimaliza. Walioujenga upya waliusogeza. Sasa hakuna aliyeweza kunyoosha kidole na kusema ni hapa.

Nyumbani mama yao alikuwa kitandani, hainuki tena. Hakuomba dawa. Aliomba kwamba akifa alazwe ubavuni mwa mumewe.

"Mume wangu," aliwaambia. "Si kundi la watu. Sikuolewa na kundi."

Kitu kimoja tu kingeweza kuwasaidia. Marehemu alikuwa fundi cherehani, mshonaji wa makoti, na siku ya maziko yake, mkewe alimwekea kifuani mkasi wake wa kukatia vitambaa vizito, chuma kitupu kutoka ncha hadi mpini.

Msimamizi wa kazi, mtu mnene mwenye kofia ya plastiki, aliitazama mashine akaizunguka.

"Bwana, hii ni mashine kweli au ni mkongojo uliokanyaga sahani?"

"Ni mashine."

"Basi fanya haraka. Dereva wa kijiko cha kuchimbia akishamaliza chai yake, mimi sina la kumwambia."

Vibarua walikuwa wamekwisha kutoa udongo wa juu kwenye safu yote, kina cha kiunoni, ili kijiko kisije kikavunja majeneza. Hilo lilimfurahisha Sumaku. Wanaoijua mashine kwa kuisikia tu hudhani inazama ardhini kama mzizi. Haizami. Kitu kikiwa mbali nayo haikipati, hata uilipe mshahara. Dawa ni kuipeleka karibu. Akashuka ndani ya handaki, akang'oa mizizi na kusawazisha mabonge ili sahani ipite ikigusa udongo, isielee hewani.

Akaweka betri mpya. Akavaa hedifoni. Hakuipandisha nguvu hadi mwisho, kama wanavyofanya wenye pupa. Mashine kuukuu ukiizidishia nguvu huanza kuupigia kelele udongo wenyewe, na ndani ya kelele hiyo huwezi kusikia kitu. Aliipunguza mpaka ikatulia. Kisha akaenda hatua ndogo ndogo, anafagia kushoto, anafagia kulia, kila mfagio ukilalia nusu ya ule uliotangulia.

Dada yake alitembea juu ukingoni, sambamba naye, mikono kifuani. Alipofika mwisho wa safu Sumaku aligeuka, akarudi hadi alikoanzia. Kimya kitupu. Si mlio, si mkwaruzo.

Alivua hedifoni.

"Hayupo."

"Hayupo amekwenda wapi?" dada yake akauliza. "Ametoka kununua uzi?"

"Dada, nimepita mara mbili. Pengine mkasi umeliwa na kutu ukaisha."

"Mkasi ule? Uliokuwa unanivunja mkono nikiubeba?"

Msimamizi alisogea na kopo la rangi. Makaburi yasiyo na mwenyewe yalikuwa yanawekewa alama nyeupe, na ilibidi afanye kazi yake. Hakuonekana kuifurahia.

"Poleni," alisema. "Niweke alama?"

Sumaku alikuwa anamuwaza mama yake, atamwambiaje. Dada alishuka handakini, gauni amelikunja mkononi, akasimama mbele ya mashine kama mama mwenye nyumba mbele ya fundi aliyemharibia bomba.

"Nieleze. Hii nobu ya nini?"

"Ya nguvu."

"Na hii?"

"Hiyo ni ya kukataa takataka. Misumari, mabati, vifuniko vya soda. Ukiizungusha hivi inaacha vyuma vyote, inakuambia shaba pe..."

Hakumaliza. Dada yake alimtazama. Hakucheka.

"Baba alizikwa na shaba?"

Kwa miaka yote aliyoishi na mashine ile, Sumaku hakuwahi kuigusa nobu hiyo. Aliiweka kwenye shaba siku ya kwanza, akaisahau, kama mtu anavyosahau pete kidoleni. Chuma kwake kilikuwa uchafu. Na alikuwa amempita baba yake mara mbili na masikio aliyoyaziba mwenyewe.

"Mimi mjinga," alisema.

"Ujinga utautubu kesho. Zungusha."

Alizungusha, na mashine ikapiga yowe. Ilikipigia yowe kila chuma kilichokuwa karibu: sepetu za vibarua, viatu vya msimamizi vyenye chuma mbele, kifungo cha mkanda wake Sumaku mwenyewe. Aliwafukuza wote. Vibarua walitupa sepetu mbali, msimamizi akarudi nyuma hadi ukutani. Sumaku akavua mkanda, akaishika suruali kwa mkono mmoja. Dada yake akachomoa pini zote nywelani, nywele zikamwangukia mabegani. Hakuna aliyetania.

Akaanza upya, polepole kuliko mwanzo. Sasa safu nzima ilikuwa inasema. Misumari ya majeneza ilikwaruza masikioni, mikwaruzo mifupi mifupi, hapa na pale. Hiyo aliijaribu kwa kuinua sahani kidogo: msumari ulinyamaza mara moja. Akaendelea. Huko juu injini ya kijiko iliwaka, na msimamizi akamwinulia dereva mkono: subiri.

Mlio aliousikia baadaye haukuwa mkwaruzo. Ulikuwa mnene na mpana, ukija taratibu na kuondoka taratibu, kama mtu anayevuta pumzi usingizini. Aliinua sahani. Haukufa. Akageuka, akapita kwa upande mwingine, akaupata palepale.

"Hapa," alisema.

Hawakutumia kijiko. Vibarua walichimba kwa sepetu, kisha kwa mikono. Ubao wa jeneza ulikuwa umelainika, ukitoka kama mkate uliolowa. Chini yake, katikati ya mifupa ya kifua, mkasi ulikuwa umelala, umevimba kwa kutu, ncha zake mbili zimeshikana zikawa moja. Msimamizi alivua kofia. Dada akapiga magoti juu ya udongo, akasema, "Baba, shikamoo," kama mtu aliyemkuta mzee wake sebuleni.

Baada ya muda alifuta uso.

"Tumpelekee mama auone."

"Hapana. Aliuweka yeye. Sisi nani tuuondoe?"

Basi mkasi ukaenda na mwenyewe, kifuani mwake, ndani ya jeneza jipya. Sumaku aliliinua upande wa kichwani, akashangaa lilivyokuwa jepesi.

Jioni walimkuta mama yao macho. Chumba kilikuwa na joto. Dada alimweleza kila kitu, hata habari ya nobu, hata ya mkanda na suruali. Mama hakutabasamu. Alimwita mwanawe akae kitandani.

"Mashine yako inaweza kukosea?"

"Inaweza, mama."

"Kwa hiyo mnaweza kuwa mmenichukulia mume wa mtu." Alimshika kifundo cha mkono. "Mkasi ulikuwa wazi au umefungwa?"

"Umefungwa."

"Una hakika?"

"Nimeuona kwa macho yangu. Ncha zimeshikana."

"Baba yako hakuwahi kuufunga mkasi mezani kukiwa na nguo haijakwisha," alisema. "Hata akienda kula aliuacha wazi. Siku aliyofariki meza ilikuwa na koti nusu, na mkasi uko wazi. Niliufunga mimi, kwa mikono hii, ndipo nikampa. Sikumwambia mtu."

Aliuachia mkono wa mwanawe, akamwomba dada amgeuze alalie upande wa kulia, ule aliokuwa akiulalia zamani, mumewe alipokuwa upande wa pili.