Kofi la Kuachiwa Huru

Kila asubuhi, kabla wageni hawajafika, nilikuwa nikiufuta msufi kwa kitambaa chenye mafuta. Si mti mzima; sehemu moja tu, usawa wa bega, upande unaotazama mlango wa mahakama ya zamani. Mama mkwe alitaka pale pang'ae ili picha zitoke vizuri. Asubuhi ile kidole changu kilizama. Gome lilibonyea kama sabuni iliyolala majini, na harufu ya uozo ikanijia puani.

Kutembeza wageni ni kazi ambayo mama mkwe aliirithi kwa mama mkwe wake. Huanzia mnara wa saa, ambao saa yake ilikufa zamani, hupitia kisima cha mawe, kisha mahakama, na humalizia kwa msufi. Hapo husimulia kwamba mshtakiwa akishinda kesi alitoka mbio, akaupiga mti kofi, ndipo akaenda kwao. Basi kila mgeni naye hupiga lake, pale pale, wenzake wakishangilia. Miiba ya mahali pale ilishakwisha.

Nilimwonyesha. Alitazama kidole changu, hakutazama mti, akaniambia niongeze mafuta.

"Na ukijitia kuwatisha wageni wangu, Bubu, njia ya kwenu unaijua."

Bubu ni jina alilonipa wiki ya harusi. Alipenda kuwaambia majirani kwamba mwanawe kaoa msomi, ila sauti kaisahau chuoni. Watu walicheka, nami nilicheka kidogo ili yapite.

Mtunza bustani wa manispaa alipopita na toroli lake, nilimwita kwa mkono. Alichokonoa kwa kijiti, akanusa kitambaa changu, akauliza ni nani huyo anayeupaka mti mafuta ya kupikia. Niliinamisha kichwa. Akanieleza kwamba gome limepasuka kwa makofi, na mafuta yamefungia unyevu ndani. Pakiachwa pakauke, pasiguswe, huenda mti ukapona. Uozo ukifika moyoni, manispaa itaukata, maana umeinamia mnara. Akauzungushia kamba, akaenda zake.

Jioni tulikaa kula, kamba ikiwa imeshaonekana. Mama mkwe alisema nami kupitia kwa mwanawe: mwambie mkeo asogeze chumvi, mwambie mkeo nimefuga nyoka chumbani. Mume wangu alitafuna akiitazama sahani kama mtu anayetafuta mawe kwenye wali. Mama akaendelea. Wenzake wanaongoja wageni mlangoni pa mahakama wanaomba usiku na mchana ateleze. Bila lile kofi, nani atamfuata mwanamke mzima kwenda kuangalia saa mbovu? Niliielewa hofu yake, na hiyo ndiyo iliyonifunga mdomo kuliko matusi.

Kesho yake nilikuta kamba imelala chini, imekatwa, na kisu chetu cha jikoni, kile chenye mpini uliofungwa mpira, kinachungulia kwenye mkoba wa mama mkwe. Alikwisha kumaliza hadithi. Mwanamume mmoja mpana, mwenye pete nene kidoleni, alikuwa anakunja mkono wa shati ili apige wa kwanza.

"Bubu, sogea, mgeni apige lake."

Nilisogea. Nilisogea hadi mgongo wangu ukagusa mti, unyevu wa gome ukapenya gauni. Wageni walidhani ni sehemu ya mchezo. Mmoja akainua simu anipige picha. Mama mkwe alitabasamu kwa ajili yao, huku kucha zake zikiufinya mkono wangu, akaninong'oneza kwamba leo silali kwake.

"Basi nisilale," nilisema. Sauti ilitoka nyembamba, lakini ilitoka. "Wageni, samahanini, msiupige. Mti umeoza hapa, na tumeuozesha sisi wenyewe, mama na mimi, kwa makofi na mafuta."

Yule mwanamume alishusha mkono. Kucha za mama mkwe hazikulegea. Nikamgeukia.

"Mama, sikumwita yule bwana wa bustani ili nikuharibie kazi. Nilimwita kwa sababu ukikatwa mti huu, sijui utasimama wapi usimulie, na mimi napenda kukusikia ukisimulia."