Nani Atabaki na Tanuri

Mume wangu ni mwokaji mikate. Mtaani wanamwita Moto Chini, kwa sababu hayo ndiyo maneno anayopiga kelele kutwa nzima, "Moto chini! Moto chini!", hata kama aliyeuchochea ni yeye mwenyewe. Mimi ni mkewe, nakaa dirishani nauza. Siku nilipomwambia nataka twende tukaone hifadhi ya volkano kule jangwani, alinitazama kama mtu aliyekuta panya kwenye pipa la unga.

"Mwanamke umekaa mbele ya tanuri miaka yote hii," akasema, "halafu ukapumzike kwenye volkano?"

"Ile imezimika," nikamjibu. "Ndiyo maana nataka kuiona."

Wala sikuwa natania. Moto wetu haulali. Tangu tuoane, kila nikiamka nauliza moto ukoje kabla sijauliza watu wameamkaje. Sasa muuza unga akatuletea kalenda, na kwenye kalenda mna picha: jangwa tupu, mawe meusi yaliyojiviringisha, na katikati mlima uliokatika kichwa, shimo lake limejaa kivuli. Moto mkubwa kuliko mioto yote, umefanya kazi yake, ukaacha. Niliipenda picha ile hadi mwezi ukaisha nikakataa kuigeuza. Wateja wakawa wananitania eti dukani kwetu mwezi umekwama.

Mume wangu ana tabia moja: kitu akikikataa leo, kesho utamkuta amekishika kuliko wewe. Siku tatu hazikupita, nikamkuta ameinama kwenye meza ya kukandia, anachora njia kwa kidole juu ya unga uliomwagika. Hapa mji wa mwisho wenye maji. Hapa barabara ya changarawe. Hapa geti la hifadhi. Akachora na volkano yenyewe, akaitoboa shimo kwa kidole gumba, akanitazama kama fundi anayesubiri sifa.

"Mnataka nikande juu ya jangwa au mtalihamisha?" akauliza wifi yangu.

Wifi ni mdogo wake wa kike. Amekanda unga pale tangu hajaota hata jino la mwisho, na mikono yake ina nguvu, usiombe akushike. Unga wake ni laini, unaumuka vizuri, kila mtu anajua. Lakini kuoka? Thubutu! Kuingiza mikate tanurini, kupima joto, kuitoa, ni kazi ya kaka mtu peke yake. "Wewe kanda, mimi nioke," ndiyo sheria, na wifi alikuwa ameizoea hata haongei. Mimi ndiye niliyekuwa nikiumia kwa niaba yake, maana moyo wangu haujui kunyamaza.

Jioni zile tulikuwa na raha, jamani. Tulinunua kofia pana, tukazivaa dukani tukichekana. Tulibishana nani atabeba maji. Mume wangu akaanza kunieleza habari za volkano utadhani alizaliwa ndani yake. Na wakati wa kwenda tukaupanga kwa furaha kabisa: mwezi wa joto kali kuliko yote, maana joto likizidi watu hawataki mkate, mikate inatudodea, hata tukifunga duka hakuna atakayelia. Tuliona tumepiga hesabu ya werevu. Hakuna aliyeshtuka.

Basi tukapiga simu hifadhini, sauti ya simu tumeifungulia ili wote tusikie. Akapokea askari wa hifadhi, mama mwenye sauti ya kukwaruza. Mume wangu akamtajia mwezi. Halafu tukasikia mtu anacheka hadi anakohoa.

"Baba, mwezi huo njia za miguu tunazifunga," akasema. "Yale mawe meusi yanakunywa jua. Soli za viatu zinabanduka zenyewe. Mwezi huo hata mimi sipo! Nani amewapangia safari hii?"

Mume wangu akajikuna kichwa. "Tulipanga kwa kufuata tanuri."

"Basi tanuri lenu halijui jangwa. Njooni msimu wa baridi. Mtapanda hadi ukingoni, mchungulie shimo mtakavyo."

Simu ikakatika, na furaha ikakatika nayo. Msimu wa baridi! Ndipo watu wanapojipanga foleni hadi kona wakitaka mkate wa moto. Ukifunga duka msimu huo, umewakabidhi wateja wako kwa jirani, na hawarudi.

"Haya, basi," mume wangu akasema huku akivua kofia yake. "Tutaona mwakani."

Nikapandwa na hasira, sifichi. "Mwakani baridi itakuwa imehama? Au wateja watakuwa wameacha kula?"

"Sasa nifanyeje? Nani atabaki na tanuri?"

"Atabaki wifi."

Wifi aliacha kukanda. Mume wangu akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu anayetaka maneno yaishe. "Huyu hajawahi kuoka hata mkate mmoja."

"Kwa sababu ya nani?" nikamuuliza.

Aliyejibu ni wifi. "Kaka, niachie mikate ya leo jioni. Yote. Ikiungua, sitakuomba tena maisha yangu yote, na wewe shika tanuri lako."

Nikatamani nimzibe mdomo. Kuapa hivyo mbele ya Moto Chini, ambaye neno la mtu halisahau! Mkate ukiharibika, mimi nakosa safari, sawa, nitanuna kisha nitapoa. Lakini yeye angebaki kwenye meza ile ya kukandia hadi anazeeka. Mume wangu akafungua aproni yake, akaitundika, akatoka nje. Nilimfuata kuhakikisha harudi.

Alikaa juu ya kreti tupu la soda, upande wa pili wa barabara. Kukaa gani huko? Alikuwa anainuka, anakaa, ananusa hewa.

"Hajapima joto," akasema. "Mimi hurusha unga kidogo kwenye sakafu ya tanuri, nikaona unageuka rangi haraka au taratibu. Yeye nani amemfundisha?"

"Ana macho. Amekuwa akikutazama."

"Anachelewa. Unga ulioumuka utasinyaa! Nyuma kuna moto mkali, hajui. Moto chiniii!"

Dirisha la duka likafungwa, pa! Nilicheka hadi nikashika ukuta, ingawa roho yangu mwenyewe ilikuwa mkononi. Harufu ilianza kuja, na mume wangu akatulia juu ya kreti. Harufu ya mkate anaijua kama mimi ninavyoijua sauti yake. Alifumba macho. Nikamwuliza ikoje, akanipungia mkono ninyamaze.

Dirisha lilipofunguka, muuguzi wa zahanati ya jirani alikuwa wa kwanza, kama kila jioni. Akanunua, akamega palepale, akaendelea kumega huku anatembea. Mume wangu akavuka barabara bila kutazama pembeni. Akachukua mkate, akaugeuza, akaugonga chini kwa kidole, ukalia vizuri. Akauvunja. Akala. Uso wa wifi ulikuwa mwekundu kwa joto, nywele zimejaa majivu.

"Ulisubiri nini muda wote ule?" akamuuliza.

"Moto wa nyuma utulie. Wewe huwa huna subira, ndiyo maana mikate ya nyuma inatoka na weusi."

Akatafuna tena, polepole. "Ganda lake zuri kuliko langu," akasema. Kisha, kwa sauti ndogo sana: "Kumbe mikate inaiva hata nisipokuwepo."

Nilimwonea huruma, na papo hapo nilitaka kuruka kwa furaha. Alisimama mlangoni na kipande mkononi, anatazama tanuri kama mtu aliyerudi nyumbani akakuta wageni wamekaa kitini pake.

"Kaka, sogea," wifi akamwambia. "Unaziba wateja."

Akasogea. Hilo ndilo sikuwahi kuliona tangu niolewe naye.

Tulipomaliza kuuza, akaichukua simu mwenyewe. Yule mama wa hifadhini akatutambua mara moja, akaanza tena kucheka. Mume wangu akamtajia msimu wa baridi. Akaulizwa tutakaa siku ngapi. Sisi tulikuwa tumepanga kwenda, kuchungulia shimo, na kurudi mbio.

"Tuandikie wiki nzima," akasema.

"Wiki nzima! Na lile tanuri lenu mnalifunga?" yule mama akauliza.

"Hatufungi," mume wangu akasema. "Mwenyewe yupo."

Wifi alikuwa anafagia makombo. Alisimama na ufagio mkononi, akajifuta macho kwa mkono uliojaa unga, na machozi yakachanganyika na ule unga, ikawa balaa usoni. Ikabidi mimi na kaka yake tumshike tumwoshe kwa maji ya ndoo, huku yeye anatufokea tumwache, tumemwaga maji kwenye sakafu yake.